Je, Kubeba Blanketi ni Kukosa Imani?

Masomo: Matendo ya Mitume 27, Mathayo 4:5–7, Luka 22:35–36



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mzee mmoja alinishika mkono pale nje karibu na tangi la maji. Alikuwa na ile karatasi tuliyowapa vijana wanaopanda mlimani mwezi wa nane kwa maombi ya siku tatu. Akaisoma kwa sauti: blanketi, koti la mvua, sweta ya sufu, tochi na betri za akiba, filimbi, kiberiti kilichofungwa kwa nailoni, chakula cha akiba. Kisha akanitazama. "Mwalimu, hii yote ni ya nini? Si wanaenda kwa Mungu? Sisi enzi zetu tulikuwa tunaenda na Biblia tu, na tulirudi."

Nilimjibu mbio mbio manake mvua ilikuwa imeanza na alikuwa anawahi matatu. Nikamwambia, "Mzee, ni usalama tu." Hilo halikuwa jibu. Swali lake ni kubwa, na najua wengi wenu mnalo hata kama hamlisemi. Mtu akijiandaa kwa ajili ya hatari, je, si amemwonyesha Mungu kwamba hamwamini? Ukienda kwa Mungu na blanketi, umekwenda na imani au umekwenda na wasiwasi?

Ile orodha niliiandika mimi. Sababu ya kuiandika ni jambo ambalo sehemu yake sijawahi kuisema mbele ya kanisa hili. Leo naisema.

SIKU ILE MSITUNI

Mwaka wa 2016, mwezi wa nane, nilikuwa kiongozi wa vijana. Tuliamua kwenda kuomba katika msitu wa Aberdare, upande wa Kinangop. Mnajua mwezi wa nane ulivyo kule. Jua linapita kama mgeni, ukungu unashuka wakati wowote, na manyunyu hayaishi. Maofisa wa msitu walituruhusu kuingia kwa sharti moja, kwamba saa kumi na moja jioni tuwe tumetoka. Tulikuwa watu 14: vijana 12, mimi, na mama mmoja wa idara ya jikoni aliyekuja kuwaangalia wasichana. Nitamwita Mama tu.

Jioni ya kuamkia safari niliwapa maagizo. Biblia, daftari na moyo uliovunjika, basi. Tungefunga kuanzia usiku huo hadi jioni ya kesho yake, bila chakula wala maji. Mama akainua mkono. "Mwalimu, na baridi je?" Nikamjibu mbele ya wote, "Mama, Mungu aliyemlisha Eliya kwa kunguru hana blanketi?" Vijana wakacheka. Wengine wakasema Amina. Mama naye akacheka kidogo, akanyamaza.

Asubuhi alikuja na kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile wanawake wa huku wanavyobeba kuni. Mama huyu alikulia ukingoni mwa msitu ule. Nikamtania, "Mama, unahama?" Wakacheka tena.

Maombi yalikuwa na nguvu, sitadanganya. Kuna vijana waliobadilika siku ile na hawajarudi nyuma mpaka leo. Ndiyo maana saa kumi ilipofika sikutaka kukatiza. Nilisema tuendelee kidogo tu, na hiyo kidogo ikawa saa nzima na zaidi. Tulipofungua macho, ukungu ulikuwa umeshuka hata huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Kisha mvua ikaja. Tukaanza kurudi, na njia tuliyokuja nayo hatukuiona.

Nikasikia maji yakitiririka chini yetu. Nikasema tufuate mto, manake mto unashuka kwa watu. Hilo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Mama akasema, "Mwalimu, mito ya huku inaanguka. Tukae hapa hapa pamoja, tupige kelele. Watakuja." Alijua anachosema. Milima ile ndiyo yenye maporomoko ya Karuru, ambako maji yanashuka zaidi ya mita 270 kwa ngazi tatu, na kuna mengine madogo yanayotosha kabisa kuvunja mtu shingo gizani. Lakini mimi ndiye nilikuwa kiongozi, na nilikuwa nimewachekesha watu mara mbili juu ya mama huyo huyo. Ningemsikiliza vipi sasa? Nikawaongoza kushuka.

Tulitembea kama saa moja tukiwa tumeshikana nguo. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, alikuwa na fulana na sweta ya shule, zote zimelowa chepechepe. Kwanza alitetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha akaanza kujikwaa. Ukimuuliza kitu anajibu kwa ulimi mzito kama mlevi. Halafu akakaa chini, akasema yuko sawa, anataka tu kulala kidogo. Na kutetemeka kukaisha. Nikamwekea mkono kichwani nikasema, "Haleluya! Bwana amemtia joto."

Mama akasema, "Mwalimu, nyamaza. Huyu mtoto anaenda."

Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa. Joto la mwili wa mtu ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mwili unaanza kushindwa. Kutetemeka ndiyo namna mwili unavyopigana na baridi. Mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku akili yake inapotea, hajapona, ameishiwa nguvu ya kupigana. Kijana yule alikuwa amelowa, upepo unampiga, na tangu jana yake hakuwa na kitu tumboni. Hicho cha mwisho kilikuwa ni kwa agizo langu. Mwili bila chakula ni kama jiko bila kuni.

Mama akafungua kiondo. Kulikuwa na karatasi kubwa ya nailoni, ile ya kufunikia mahindi. Kulikuwa na blanketi mbili, sweta kavu ndani ya mfuko, chupa ya chai ya maziwa yenye sukari nyingi, tochi, kiberiti, kisu, na filimbi kama ya refa. Akawatuma vijana wakate matawi wayalundike chini, manake ardhi iliyolowa inanyonya joto la mtu. Nailoni wakaifunga kwenye miti kuzuia mvua na upepo. Wavulana wakamvua mwenzao nguo zilizolowa, wakamvika sweta, wakamviringisha ndani ya blanketi, na wawili wakalala naye, mmoja huku, mmoja kule. Mimi nilianza kumsugua miguu, Mama akanikataza. Chai hakumpa hata tone mpaka alipoweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza vizuri. Blanketi ya pili ikafunika wasichana watatu.

Msichana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama chai itaharibu mfungo wake. Mama akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Mungu hahesabu vikombe." Lakini yule msichana hakunywa mara moja. Aligeuka kwanza akaniangalia mimi. Alikuwa anaganda kwa baridi na bado anangoja ruhusa yangu. Macho yale sijayasahau.

Kisha Mama akapiga filimbi mara tatu, akanyamaza, akapiga tena mara tatu. Aliendelea hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Kumbe kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa amemwambia jirani yake kwamba tusipoonekana saa moja usiku, awaambie askari wa msitu, na akamweleza upande tulioenda. Kama saa nne usiku tukaona tochi. Wanaume watano walikuwa wameifuata filimbi. Mmoja wao aliniambia kwa upole, bila kunilaumu, kwamba ule mto mbele kidogo unaanguka.

Yule kijana alipona. Leo ana mke na mtoto.

USHUHUDA NILIOUTOA

Jumapili iliyofuata nilipewa kipaza sauti. Nikasema tulipotea msituni, usiku, mvua, giza. Nikasema kijana mmoja alikuwa anakufa na tukaomba. Nikasema Bwana akatuma wanaume watano na mataa, kama malaika. Kanisa likalipuka. Watu walisimama, wengine walilia, mama wa yule kijana akaja mbele akapiga magoti.

Sikusema uongo hata neno moja. Tuliomba kweli. Bwana alituma watu kweli. Lakini sikutaja kiondo. Sikutaja filimbi, wala chai, wala kwamba nilionywa mara mbili. Mama alikuwa ameketi safu ya tatu. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Wapendwa, kuna wizi ambao polisi hawaukamati. Nilimwibia mama huyu ushuhuda wake, na nikawaibia ninyi somo ambalo Mungu alitaka mlipate. Wengi wenu mlitoka siku ile mkiamini kwamba ukienda mikono mitupu Mungu atakuokoa. Ukweli ni kwamba Mungu alikuwa ametuokoa tangu jioni iliyotangulia, alipompa mama mmoja wazo la kufunga kiondo. Na mimi nilikuwa nimelicheka.

AHADI YA MUNGU NA MBAO ZA MELI

Niliporudi kwenye Neno kutafuta nilikosea wapi, nilianza na Eliya, kwa sababu ndiye niliyemtumia kumnyamazisha Mama. Ni kweli kunguru walimlisha, 1 Wafalme 17. Lakini ningesoma sura mbili mbele, ningekuta Eliya huyo huyo amelala jangwani chini ya mti, na malaika amemletea mkate na maji. Anamwamsha mara mbili ale, kwa sababu safari iliyo mbele yake inamzidi nguvu. Fikiria. Malaika wa Mungu ndiye aliyekuwa anamfungia Eliya kiondo! Na mimi niliwapeleka watoto wa watu kwenye baridi bila hata maji.

Kisha Matendo 27. Nawaomba muisome yote nyumbani, polepole. Paulo anasafirishwa kwenda Rumi kama mfungwa. Msimu mzuri wa bahari umepita. Paulo anawaonya wakiwa Bandari Nzuri kwamba wakiondoka watapata hasara. Hawamsikilizi, manake yeye ni mfungwa tu, na nahodha ndiye mtaalamu. (Ona vile hekima wakati mwingine inakaa kwa mtu asiye na cheo.) Dhoruba inawapiga siku nyingi. Ndipo malaika anamtokea Paulo na kumwahidi kwamba hakuna hata mmoja ndani ya meli atakayepotea.

Sasa, mtu mwenye imani ya aina yangu ya 2016 angesema imekwisha, Mungu amesema, tulale. Paulo hakulala. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, alimwambia akida kwamba hao wakiondoka, ninyi hamtaokoka. Ahadi ilikuwa imeshatolewa! Lakini Paulo alijua kwamba Mungu alikuwa ameahidi watu na mabaharia ni sehemu ya njia yake. Na baada ya siku kumi na nne bila kula vizuri, nani aliyewahimiza watu wale mkate? Ni Paulo huyo huyo, mtu wa kufunga na kuomba. Alijua wanakwenda kuogelea na tumbo tupu haliogelei. Mwishoni watu wote 276 walifika pwani. Wengine waliogelea, wengine walishikilia mbao na vipande vya meli.

Ahadi ilitimia yote, na ilitimia kupitia mbao. Aliyefika kwa ubao hakuokolewa kidogo kuliko aliyefika kwa muujiza. Na nani alisema ubao wenyewe si muujiza?

Tena angalia Mathayo 4. Ibilisi alimpandisha Bwana kwenye kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na akamtolea andiko kabisa, Zaburi ya 91, kuhusu malaika watakaomshika. Jaribu lile lilivaa nguo za imani. Bwana akakataa, akasema mtu hatakiwi kumjaribu Mungu. Kumwamini Mungu ni kumtegemea pale anapokuweka. Kumjaribu ni kujiweka mwenyewe kwenye hatari halafu kumwambia aje akutoe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kinara na vijana 12, na nilikuwa naita ile ruka imani.

LAKINI YESU HAKUWATUMA BILA MKOBA?

Ndugu mmoja niliyemsomea makala hii aliniuliza swali zuri, na sitaki kulikwepa. Alisema, "Mwalimu, Luka 9 na 10 Bwana aliwatuma wanafunzi bila mkoba, bila mkate, bila fedha. Na ile Mathayo 6 ya kutosumbukia kesho? Na yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 aliyejenga ghala, si alikuwa anajiandaa?"

Ana haki. Kuna kujiandaa ambako ni dhambi, na nisiposema hivyo nitakuwa nimetoka shimo moja nikaingia lingine.

Kwanza, Bwana aliwatuma bila mkoba kwenye nyumba za watu, ambako wangepokewa na kulishwa. Hakuwatuma kulala porini kwenye mvua. Na aliyewatuma alikuwa Yeye mwenyewe. Vijana wangu niliwatuma mimi. Pili, Luka 22 Bwana anawakumbusha safari ile, wanakiri kwamba hawakupungukiwa na kitu, halafu anawaambia sasa mwenye mkoba auchukue. Mwalimu ni yule yule na wanafunzi ni wale wale, ila wakati umebadilika. Basi mkoba wenyewe si imani wala si ukosefu wa imani. La muhimu ni kumtii anayekutuma, na kutii ni pamoja na kuuliza: Bwana, huu ni wakati gani?

Tatu, huyo tajiri. Soma vizuri uone anaongea na nani. Anaongea na nafsi yake. Mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu, starehe. Ghala lake lilikuwa na mlango mmoja tu, wa kuingilia. Sasa linganisha na kiondo cha Mama. Kilikuwa na blanketi mbili. Mtu mmoja anayekwenda safari ya mchana ana haja gani na blanketi mbili? Alipokuwa anazikunja usiku ule, baada ya kuchekwa, alikuwa anawafikiria waliomcheka. Mashaka hayabebi mzigo wa namna hiyo. Ule ni upendo umewekewa kamba ukabebwa kwa kichwa.

Kwa hiyo mimi sasa napima maandalizi kwa swali moja tu: ni ya nani? Mtu akijaza unga ndani ya nyumba na kufunga mlango huku jirani analala njaa, huyo ni mpumbavu wa Luka 12, hata akiwa ameokoka. Yusufu alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, na njaa ilipokuja wakala Wamisri, wakala na ndugu zake waliomuuza. Wote wawili waliweka akiba. Mioyo ndiyo ilikuwa tofauti.

IMANI KWA MWILI WA MWINGINE

Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pote.

Mimi nikifunga, njaa ni yangu. Mimi nikilala kwenye baridi kwa sababu nimeamua kumtafuta Mungu, baridi ni yangu, na Mungu ataniuliza mimi. Lakini nikimwambia mtoto wa kidato cha tatu asibebe sweta ya pili kwa sababu sisi ni watu wa imani, ninatumia mwili wake kulipa deni la imani yangu. Kama ningekuwa nimekosea, na nilikuwa nimekosea, ambaye angezikwa ni yeye. Mimi ningehubiri kwenye mazishi.

Mwaka wa 2023 nchi yetu iliona Shakahola, kule Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa kwamba kufa njaa ni njia ya kumwona Yesu. Na watoto walikuwa wengi. Sisi makanisani tulisema haraka, wale ni dhehebu potovu, hatuhusiani nao. Ni kweli, mafundisho yale si ya Kristo, na simlinganishi mtu yeyote hapa na mambo yale. Lakini usiku nilipoona zile picha kwenye televisheni, nilikumbuka yule msichana na kikombe chake cha chai, akiniangalia mimi kabla ya kunywa. Sikuweza kulala. Umbali kati ya pale na pale ni mrefu, lakini barabara inaanzia mahali pamoja, pale mtu anapoacha kusikiliza mwili aliopewa na Mungu kwa sababu kiongozi amesema.

Viongozi wenzangu, wazee, mashemasi, walimu wa Sunday school: tukiwa na neno la imani linalotugharimu sisi, tulitamke. Tukiwa na neno la imani litakalomgharimu mwingine, tutetemeke kwanza. Na ninyi washirika, mama wa jikoni akiinua mkono na kuuliza "na baridi je?", msicheke.

MAFUTA YASIYOAZIMIKA

Wanawali kumi wa Mathayo 25 walinisumbua miaka mingi. Kwa nini wale watano wenye busara hawakugawa mafuta? Msituni nilielewa kitu. Blanketi Mama aliweza kutugawia usiku ule ule. Lakini kujua kwamba mito ya huku inaanguka, kujua dalili za mtu anayekufa kwa baridi, hayo hakuweza kunimiminia usiku kama mafuta kwenye taa. Ilibidi niwe nimeyapata mchana. Basi tuyapate mchana.

Kwa vijana wa mlimani na wazazi wao:

Mtu asiyekwenda lazima ajue mnapokwenda, njia mnayopita na saa ya kurudi, na ajue amwambie nani msipoonekana. Hili ndilo lililotuokoa kuliko mengine yote, na halina bei.

Mkipotea, simameni. Kaeni pamoja, mjikinge na upepo na mvua, msitembee gizani. Filimbi mara tatu, pumzika, mara tatu. Sauti ya mtu inakauka, filimbi haikauki.

Nguo ya pamba ikilowa haina joto tena. Sufu ikilowa inabaki na joto kiasi. Sweta kavu ikae ndani ya nailoni mpaka ihitajike.

Mwenzako akianza kujikwaa na kuongea kama mlevi, hiyo ni baridi. Mtoe kwenye upepo, mvue kilicholowa, mfunike mpaka kichwa, mtenganishe na ardhi. Cha moto chenye sukari apewe tu kama yuko macho na anameza. Msimsugue, msimpe pombe, na msimwache alale peke yake.

Mwaka huu hakuna atakayefunga mlimani bila maji. Walio chini ya miaka 18, wenye kisukari, wanaotumia dawa, waja wazito na wanaonyonyesha hawatafunga kule kabisa. Watafunga nyumbani siku nyingine kwa ushauri wa daktari, na Mungu atawasikia vile vile.

Na kwa sisi tunaobaki: dhoruba haingojei mlima. Mnakumbuka mvua za 2024, na asubuhi ya tarehe 29 Aprili pale Mai Mahiu, chini yetu tu hapa, maji yalivyoshuka watu wakiwa wamelala yakaua makumi. Vitambulisho na vyeti viwe ndani ya mfuko usioingia maji, karibu na mlango. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 yanaweza kubeba gari dogo, kwa hivyo usimwambie dereva wa matatu "Yesu atatuvusha." Mwambie asimame. Maji ya kunywa baada ya mafuriko yachemshwe, na kwa sisi tunaoishi juu ya mita 2,000, yatokote dakika tatu nzima. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike ukutani. Simu inaweza kuzima.

NENO LA MWISHO

Kabla ya kupeleka makala hii kwa mchapishaji, nilienda nyumbani kwa Mama siku ya Alhamisi. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha kwa kumcheka, na kwa ule ushuhuda. Alinyamaza muda mrefu, mikono bado iko kwenye maharagwe. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua Mungu ameona kiondo. Hiyo ilinitosha. Lakini wewe ulikuwa umebeba mzigo mkubwa."

Nikaomba naye. Nilipokuwa natoka akaniuliza, "Na hiyo orodha ya vijana, umeandika blanketi ngapi?"

Nikamwambia, "Moja kila mtu, Mama."

Akasema, "Andika mbili."

Basi wazazi, rekebisheni ile karatasi. Ni blanketi mbili.

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipoita uzembe wetu imani, na pale tulipoita hofu yetu busara. Tufundishe kukutegemea Wewe na kuwabebea wengine. Wakumbuke leo wote waliokuandalia njia na hatukutaja majina yao. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Katika Matendo 27, Paulo alikuwa na ahadi ya Mungu. Kwa nini basi alihangaika na mabaharia na mkate?

2. Je, kuna ushuhuda uliowahi kuutoa ukamwacha nje mtu ambaye Mungu alimtumia? Unaweza kumtafuta wiki hii?

3. Katika kikundi chenu, nani ni mgonjwa, mzee au anaishi peke yake karibu na mto? Mafuriko yakija usiku, nani atambishia mlango? Andikeni jina la atakayebisha.